Nyasi Kati ya Mafahali

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Ndugu msomaji, mimi nimepata kuwa nyasi hizo. Si ndotoni, bali mbele ya kompyuta kuukuu ya kaka yangu, likizo nzima ya Agosti, nilipokuwa malkia asiye na taji wa nchi iitwayo Armenia.

Tangu shule zifunguliwe, wenzangu wa Chama cha Kiswahili hawanipi nafasi ya kupumua. "Ati ni wewe uliyewang'oa Waparthi kwa Armenia? Hebu toa siri!" Naam, nitaitoa, tena bila choyo. Lakini siri hiyo haiji peke yake. Imefungwa kitita kimoja na jambo lililonitoa machozi, nami siwezi kukupa nazi nikakunyima tui.

Tuanze na mchezo wenyewe kwa ajili ya wale wasioujua. Unaitwa Rome: Total War. Ulitolewa mwaka wa 2004 na kampuni ya Uingereza iitwayo Creative Assembly. Mambo yanaanza mwaka wa 270 K.K., na kila zamu ni nusu mwaka: kiangazi, kisha kipupwe. Juu ya ramani unajenga barabara, unatoza kodi, unatuma mabalozi na kuandika askari. Majeshi yakikutana, unashuka vitani mwenyewe na kuviongoza vikosi vyako kwa kipanya. Kampeni ndefu yataka uteke majimbo 50, Rumi ikiwa mojawapo. Kampeni fupi yataka majimbo 15 na kuwazidi umri baadhi ya maadui zako.

Wengi wetu hupenda Warumi. Nani asiyependa kupanda mabega ya jitu? Mimi nilichoka nao. Nikamwambia kaka nataka nchi ambayo hakuna mtu darasani amewahi kuicheza. Akacheka kwa pua kama ilivyo desturi yake, akafungua faili moja la maandishi lililo ndani ya mchezo. Humo mna orodha ya nchi zinazochezwa na orodha ya zisizochezwa. Armenia ilikuwa katika hiyo ya pili. Kaka akalikata jina lake, akalibandika kwenye orodha ya kwanza, akahifadhi faili.

"Haya, dada yangu, mnyonge wako huyo. Hata waliomtengeneza hawakudhani kuna mtu atamtaka."

(Toleo jipya la mwaka wa 2021 limeondoa kizuizi hicho. Mwenye kulipata hana haja ya kufungua faili lolote.)

Nilipoiona ramani nilipigwa na butwaa. Nilikuwa na miji miwili tu: Artaxata, mji mkuu ulioko milimani, na Kotais upande wa Bahari Nyeusi. Magharibi yangu walikaa Wapontus. Mashariki walikaa Waparthi. Kusini lilinyoosha miguu dola la Waseleukia lenye miji ya kifahari kama Antiokia na Seleukia. Nyuma yao Wamisri walikuwa wakinoa mikuki. Nchi yangu ilikuwa milima na theluji, katika eneo lile lile la milima ya Ararati tunayoisoma katika kitabu cha Mwanzo. Hazina nayo ilikuwa ya kuhurumiwa.

Nilifanya nini? Nilifanya anavyofanya kila mwenye haraka. Niliandika askari mpaka miji ikabaki mitupu. Nikawavamia Waparthi, na kabla vumbi halijatulia nikawachokoza Wapontus pia. Kabla mwaka wa 260 K.K. haujafika, Artaxata ilikuwa imeanguka na mchezo umekwisha. Nikaanza upya. Mara ya pili nilifika mwaka wa 250 K.K., nikafa kifo kile kile. Kaka alikuwa amekaa kitandani akimenya chungwa.

"Uliandika vikosi vingapi?" akauliza.

"Kumi na viwili."

"Na wanakula nini?"

Nikanyamaza jii!

"Jeshi lina tumbo," akasema. "Kila zamu linakula dinari zako, lipigane lisipigane. Wewe unawalisha watu kumi na wawili kwa sufuria ya watu wanne. Halafu unashangaa kwa nini hazina imekauka na huwezi kuandika hata askari mmoja adui akifika mlangoni!"

Maneno hayo yaliniingia. Nilimkumbuka mama, ambaye kila Jumapili jioni huketi mezani na daftari lake, akipanga unga, sabuni, nauli na karo, kisha akirudi mwanzo wa ukurasa na kuyapanga tena. Kumbe malkia wa kweli wa hesabu alikuwa jikoni siku zote!

Basi safari ya tatu nilianza kwa mguu mwingine, na hapa ndipo siri inapoanzia. Kaka alinipa masharti, nami nayatoa kama nilivyoyapokea.

Sharti la kwanza lilikuwa kutuma balozi kabla ya askari. Zamu za mwanzo balozi wangu alizunguka kwa majirani wote akiomba mikataba ya biashara. Tena aliwauzia ramani! Nchi hizo hulipa dinari kwa habari za ramani usizozijutia kuzitoa, na kwa mnyonge hiyo ni mvua ya kiangazi. Fedha hizo nilijenga masoko na barabara badala ya kuzinywesha jeshi.

La pili lilikuwa kuanza na kisicho na mwenyewe. Karibu yangu palikuwa na mji uliokuwa mikononi mwa waasi. Kuuteka hakumkasirishi mfalme yeyote. Niliuzingira, nikauingia, nikawa na miji mitatu bila kumpata adui mpya.

La tatu lilikuwa kuwa na adui mmoja tu kwa wakati mmoja, na huyo awe yule ambaye wengine wanamla tayari. Katika mchezo huu, dola la Waseleukia kwa kawaida ndilo linalokuwa mzoga wa mashariki. Linavamiwa na Wamisri, Wapontus na Waparthi kwa pamoja. Mwenye kusubiri milimani akiwa na jeshi dogo lililoshiba hushuka na kuchukua fungu lake. Hivyo ndivyo nilivyopata Hatra, kisha Seleukia yenyewe, mji mmoja ulioniletea fedha kuliko milima yangu yote.

La nne lilihusu vita vyenyewe, na hapa fungua masikio, msomaji. Nguvu ya Armenia iko juu ya mgongo wa farasi. Ina wapanda farasi wenye pinde na ina wapanda farasi wa deraya, ambao wao na wanyama wao wamevikwa chuma. Wenye pinde kazi yao si kugusana na adui. Watandaze kwa nafasi, wafyatue mishale, na adui akiwafukuza waondoke huku wakigeuka na kufyatua tena. Adui atakimbia nyuma yao mpaka ulimi uning'inie. Hapo tu ndipo uwaachilie wa deraya, nao wapige kutoka ubavuni au mgongoni. Usiwatume usoni pa watu wenye mikuki mirefu, maana farasi watajichoma wenyewe kama mishikaki. Wakishapiga, waondoe, uwapange, wapige tena. Ukiwaacha wamenaswa katikati ya umati, uzito wa chuma ule ule unaowalinda ndio utakaowaua. Tena jangwani huchoka upesi mno kwa joto.

Usimwachie kompyuta akuamulie vita vya wapanda farasi. Yeye huhesabu vichwa. Hajui kukimbia kwa akili. Na ukienda kuzingira mji, wachukue askari wa miguu japo wachache, kwa sababu farasi hasukumi gogo la kuvunjia lango wala hapandi ngazi.

Kwa masharti hayo nilisonga mbele kama maji ya mfereji. Waparthi waliponivamia sikuwafuata. Niliwangoja kwenye miinuko ya kwetu. Walipokuja wakihema kupanda mlima niliwanyeshea mishale hadi jemadari wao akaanguka, na jeshi lote likatawanyika mithili ya kuku waliomwona mwewe. Nilicheka peke yangu usiku wa manane!

Lakini mpanda ngazi hushuka. Wamisri walikuwa wamekwisha kuwameza Waseleukia waliobaki, na sasa walitokea mbele ya Hatra na magari ya vita ya kukokotwa na farasi, safu baada ya safu. Ilikuwa Jumatano usiku. Nilikuwa nimeuma meno, macho mekundu, nikiapa kwamba Hatra haitaondoka mkononi mwangu hata kwa dawa. Mara kaka akasimama mlangoni.

"Mama ameamua," akasema polepole. "Kompyuta inauzwa. Mnunuzi anakuja Jumamosi."

Sikugeuka hata kumtazama. "Toka!" nilifoka. "Daima wewe ni wa kuleta mikosi tu! Huoni niko vitani?"

Akasimama kidogo, kisha akaufunga mlango bila kelele. Vita vile nilishindwa. Jeshi langu lote la kusini lilikwisha, ila mji wenyewe ulikuwa bado haujaingiwa.

Asubuhi yake sikuwa na hamu ya kitu. Nilichukua kitabu cha historia ya Warumi nilichokuwa nimekiazima maktabani kabla ya likizo, nikatafuta habari za Armenia ya kweli. Nilijifunza kwanza kwamba mchezo unadanganya kidogo: mji wa Artaxata haukuwako mwaka wa 270 K.K. Ulijengwa na mfalme Artaxias katika karne ya 2 K.K., na waandishi wa kale wanasema aliyemshauri mahali pa kuujenga ni Hannibal, yule jemadari wa Karthago, akiwa mkimbizi. Nikasonga mbele mpaka nikamkuta Tigranes, aitwaye Mkuu.

Bwana huyu aliwahi kucheza Armenia kuliko sisi sote. Ujanani alikuwa mateka kwa Waparthi. Mwaka wa 95 K.K. aliununua uhuru wake kwa kuwapa mabonde 70 ya nchi yake. Angalia basi: alianza kwa kutoa, wala hakuona haya. Kisha alijenga nguvu pole pole, akaipata Shamu mwaka wa 83 K.K., himaya yake ikafika hadi bahari ya Mediteranea, naye akajiita mfalme wa wafalme. Alijenga mji mpya, Tigranocerta, akaupa jina lake.

Hapo ndipo kiburi kilipomwingia. Mithridates wa Pontus, baba wa mkewe, alikimbilia kwake baada ya kupigwa na Warumi. Lucullus, jemadari wa Kirumi, akamtaka amtoe. Tigranes akakataa. Mwaka wa 69 K.K. Lucullus akavuka mto Frati na jeshi dogo. Mwandishi Plutarch anasimulia kwamba mjumbe wa kwanza aliyemletea Tigranes habari za Warumi kukaribia alikatwa kichwa. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kumwambia mfalme ukweli. Alikaa akisikiliza sauti za kumsifu huku moto ukimzunguka.

Nilipofika hapo kitabu kilinianguka mapajani. Mjumbe! Mimi nilikuwa nimemfokea mjumbe. Tena mjumbe gani? Kompyuta ile haikuwa yangu wala ya mama. Kaka aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza, wakati ule alipokuwa na kazi. Iliuzwa ili kujazia karo ya nani? Yangu. Yeye ndiye aliyekuwa akipoteza, na ndiye aliyetumwa kunipa pole.

Niliendelea kusoma huku herufi zikicheza machoni. Tarehe 6 Oktoba mwaka huo majeshi yalikutana karibu na Tigranocerta. Inasemekana Tigranes aliwadharau Warumi kwa uchache wao, akatania kwamba kama wamekuja kuwa mabalozi ni wengi, na kama wamekuja kupigana ni wachache. Lucullus aliteka kilima kilichokuwa karibu na wapanda farasi wa deraya, akawashukia kabla hawajajipanga. Wakageuka na kuwakanyaga askari wao wenyewe wa miguu. Lile kosa la kuwaacha wa deraya wamesimama, msomaji, ndilo kosa langu la Jumatano. Lina zaidi ya miaka 2000 na bado linaua watu!

Armenia haikufa, hata hivyo. Mwaka uliofuata Lucullus alitaka kuifikia Artaxata. Milima ikamkatalia. Baridi iliwaingia askari wake mifupani, wakagoma, akarudi nyuma. Na mwaka wa 66 K.K., Pompey alipokuja na jeshi jingine, Tigranes aliyekuwa mzee sana alifanya jambo ambalo mfalme wa wafalme wa zamani asingelifanya. Alikwenda mwenyewe kambini kwa adui, akashuka farasini, akaivua taji yake. Pompey akamrudishia. Alipoteza Shamu na nchi nyingine alizoziteka, akalipa talanta 6000. Lakini alibaki mfalme wa Armenia mpaka alipokufa yapata mwaka wa 55 K.K. Wengi waliopigana na Rumi mpaka mwisho hawakufia kitandani.

Nilimkuta kaka nje akitengeneza tairi la baiskeli. Maneno niliyoyapanga yote yaliyeyuka.

"Nisamehe, kaka."

Akaninyoshea mkono wenye grisi. "Kwani mimi ni Lucullus? Nipe hiyo spana."

Usiku ule na wa Ijumaa tulicheza pamoja, yeye akiwa waziri na mimi mfalme. Cha kwanza alichoniambia nilikikataa kwa moyo wote. "Mpe Mmisri Hatra." Nikaruka. "Hatra! Mji niliomwagia jasho?" Akaniuliza ningeulinda kwa askari gani. Nikatazama. Sikuwa na hata kikosi kimoja kusini. Mji ule ulikuwa wangu kwa jina tu.

Basi balozi wangu akaenda kwa Wamisri, akawapa jimbo la Hatra kwa hiari ili vita visimame. Walikubali. Mkono ulinitetemeka nilipobonyeza, nisikufiche. Lakini amani hiyo ilidumu zamu kumi na moja, na katika zamu hizo nilipumua. Niliijenga upya hazina, nikaandika wapanda farasi wachache walioshiba, nikawageukia Waparthi peke yao. Susa ikaingia, Arsakia ikafuata, na Ijumaa usiku mji wao wa mwisho ukafungua lango. Naam, hivyo ndivyo Waparthi walivyong'oka. Uvumi huo ni wa kweli.

Usilolijua ni kwamba sikumaliza kampeni. Baada ya kuwatoa Wapontus kwenye miji yao miwili nilikuwa na majimbo 9. Yalisalia 6. Jogoo aliwika tukiwa bado tumekaa, na saa tatu asubuhi mnunuzi alibisha hodi. Mama alizihesabu noti mara mbili, akaandika katika daftari lake. Kaka aliifuta skrini kwa shati lake kabla ya kuitoa nje. Alipomaliza kuifunga kwenye baiskeli ya mnunuzi, alirudi akanipa flashi. "Armenia yako imo humu," akasema. "Faili limehifadhiwa. Siku tukipata mashine nyingine, utaanzia pale pale."

Hivi sasa flashi ile iko nyumbani, ndani ya kopo la vifungo vya mama. Nami niko hapa darasani, karo imelipwa, naandika makala haya.

Basi kwa nyinyi mnaonisumbua kila siku bwenini, ushauri wangu kwa ufupi ni huu. Lisheni jeshi mnaloliweza. Tumeni balozi kabla ya upinde. Msiwe na maadui wawili siku moja. Farasi wa pinde wakimbie, farasi wa deraya wapige na kuondoka. Rudini milimani mambo yakichacha, kwa sababu mlima ni askari asiyekula mshahara. Na mtu akija mlangoni na habari mbaya, acheni kipanya, geukeni, mkaribisheni aketi.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Kwaherini ya kuonana, na Mungu akipenda, siku moja nitawasimulia yale majimbo 6.